Hesabu ya Draya: Saa, Stima na Fundi wa Karibu

Draya ya saluni hufa Jumamosi. Ndiyo siku inayofanya kazi bila kupumzika: asubuhi watu wa harusi na mazishi, jioni wanaojiandaa kwa ibada ya Jumapili. Katika saluni ya Kondele au Nyalenda mteja ameshaoshwa, nusu ya kichwa imenyooka na nusu bado imejikunja, mara mashine inatoa harufu ya kuungua, inapiga cheche moja, inanyamaza. Msusi anachomoa plagi, anaichomeka tena, anaigonga kwa kiganja. Kimya. Mteja wa pili kwenye benchi anarudi kwenye simu yake, na wa tatu anauliza kama saluni ya jirani iko wazi.

Hasara ya saa hiyo haiandikwi kwenye risiti yoyote, lakini ndiyo inayowapeleka wengi kutafuta mashine ya bei kubwa wakiamini kwamba ya ghali haiharibiki. Huharibika. Tofauti iko katika idadi ya saa itakazofanya kazi kwanza, sehemu itakayoanza kuchoka, na kama kuna mtu hapa Kisumu anayeweza kuifufua kabla ya Jumamosi nyingine kufika.

Ndani ya draya yoyote mna vitu viwili vikuu. Kuna mota inayozungusha feni, na kuna koili ya waya wa nikromu uliozungushwa kwenye vibao vya mika, ambayo huwa nyekundu na kuipasha hewa joto. Swichi, waya na vikinga joto vipo kuvihudumia hivyo viwili. Bei ya draya hupanda zaidi kwa sababu ya mota, basi mnunuzi aanzie hapo.

Draya nyepesi ya nyumbani ina mota ndogo ya DC, inayokula volti chache tu. Volti hizo hupatikana kwa kuupitisha umeme wa ukutani kwenye koili, kisha kwenye dayodi nne. Ndiyo maana koili ikikatika, feni nayo husimama, na mwenye draya huitupa akidhani mota imekufa ilhali ni nzima. Mota ya namna hii hutarajiwa kufanya kazi saa mia kadhaa. Draya ya saluni ina mota nzito zaidi, ile ambayo boksi huitangaza kwa herufi AC. Nyingi kati yake zina kaboni mbili zinazosugua sehemu inayozunguka ili kuipelekea umeme, na zimeundwa kwa saa elfu moja na zaidi. Kaboni zikiisha hutolewa, zikawekwa nyingine, mota ikaendelea. Aina ya tatu haina kaboni kabisa. Bodi ya kielektroniki ndiyo inayoamuru sumaku za mota lini zivute na lini ziachie.

Aina hiyo ya tatu ilipata jina kupitia Dyson Supersonic, iliyozinduliwa mwaka 2016 kwa pauni 299 nchini Uingereza na dola 399 nchini Marekani. Mota yake ina upana wa milimita 27, imefichwa ndani ya mshikio badala ya kichwani, na huzunguka hadi mara 110,000 kwa dakika. Dola 399, kwa kiwango cha takribani shilingi 129 kwa dola moja, ni zaidi ya shilingi 51,000 kabla ya kodi na usafiri. Kwa pesa hizo mtu angefungua kibanda cha kusukia akiwa na viti, kioo na draya mbili za kawaida, kwa hiyo swali la kudumu si la anasa.

Sasa hesabu. Chukua saluni ndogo inayokausha vichwa vinne kwa siku, dakika 20 kila kimoja, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni dakika 2,080, karibu saa 35 kwa mwezi, zaidi ya saa 400 kwa mwaka. Mota iliyoundwa kwa saa 400 humaliza maisha yake hapo kabla mwaka haujatimia. Peleka mashine hiyo hiyo nyumbani Milimani, kwa mtu anayejikausha robo saa kila wiki: ni saa 13 tu kwa mwaka, na mota ile ile ingehitaji miaka 30 kuchoka. Kwa hiyo anayenunua draya ya mota ngumu kwa matumizi ya nyumbani, kwa sababu ya kudumu peke yake, analipia saa ambazo hatazitumia. Draya ya nyumbani huuawa na sakafu, kwa kuanguka. Huuawa na waya unaozungushwa kwenye mshikio kila jioni, na umeme unaorudi kwa kishindo. Akiinunua kwa sababu inatunza nywele au haipigi kelele, hayo ni mambo mengine na ana haki nayo.

Kwa msusi hesabu ina mguu wa pili ambao wengi huusahau: stima. Draya ya wati 2,000 ikiwa kwenye joto la juu hula yuniti moja kila nusu saa. Yuniti, ukijumlisha kodi na tozo, imekuwa ikigharimu takribani shilingi 25 hadi 30, na hubadilika mwezi hadi mwezi. Gawanya pesa ulizolipa kwa yuniti zilizo kwenye ujumbe wa tokeni upate yako. Saa moja ya kukausha, basi, ni shilingi 50 hadi 60 za umeme. Linganisha na mashine yenyewe: draya ya shilingi 2,500 inayofanya kazi saa 400 inakugharimu shilingi 6 na senti kidogo kwa saa, na ya shilingi 15,000 inayofika saa 1,500 ni shilingi 10 kwa saa. Stima inazishinda zote mbili kwa mbali. Mashine inayosukuma hewa nyingi ikapunguza dakika 20 kuwa 15 huokoa robo ya tokeni, na katika saluni yetu ya mfano hiyo ni shilingi 5,000 au 6,000 kwa mwaka, mbali na wateja wanaoondoka mapema na wengine kukaa. Hapo ndipo draya ya bei inapojilipa saluni. Kwa hiyo dukani usiridhike na wati zilizoandikwa ubavuni. Iwashe, weka mkono umbali wa shibri moja, uipime kwa upepo wake.

Lakini hesabu hiyo yote husimama juu ya neno moja: spea.

Jina linalosikika zaidi katika saluni za Kenya ni Ceriotti, kampuni ya Italia, hasa kwa modeli yake ya Super GEK 3000. Umaarufu wake una faida kubwa kwa mkazi wa ukanda wa ziwa: fundi wa kawaida ameshaifungua mara nyingi, anajua skrubu iko wapi, na koili na swichi za umbo lake hupatikana. Umaarufu huo huo huwavuta waigaji, na mnunuzi anapaswa kuangalia kwa makini. Parlux, pia ya Italia, iliyoanzishwa mwaka 1977 karibu na Milano, ni ya daraja la juu zaidi kwa bei, na kampuni huuza vipuri vya mashine zake. Ukiwa na mojawapo ya hizi mkononi, muulize muuzaji maswali matatu kabla hujatoa simu kulipa: kaboni zake ziko wapi, koili yake iko wapi, na waya wake ukikatika unabadilishwa na nani. Muuzaji anayejibu kwa kuvuta droo na kuonyesha vipuri amekupunguzia hatari kuliko anayekuonyesha boksi zuri.

Swali hilo kwa draya ya kielektroniki hupata jibu jingine. Haina kaboni ya kubadilisha. Mota, bodi na vipima joto vimeshikana katika nafasi finyu, na bodi ikiungua, fundi wa mtaani hana pa kuipata. Dhamana ya Supersonic nchini Uingereza ni miaka 2, na dhamana za vifaa vya aina hii kwa kawaida hufuata nchi vilikonunuliwa. Ukiinunua Kisumu, taka kwa maandishi ni nani atakayeipokea ikiharibika, yuko mji gani, na nani atalipa kuituma kwa basi hadi Nairobi na kurudi. Jibu likikosekana, hesabu kwamba huna dhamana.

Jambo moja huokoa nyingi za mashine hizo kabla hazijafika kwa fundi. Chini ya mshikio wa Supersonic kuna kichujio cha hewa, na kikijaa vumbi na nywele hewa hupungua, joto hupanda, mashine hujizima ili isiungue. Wenye nazo huingiwa na hofu na kuanza kutafuta mtu wa kuifungua, kumbe dawa ni kuvua kichujio hicho na kukisafisha. Saluni inayosuka kwa nyuzi za bandia inapaswa kufanya hivyo mara nyingi zaidi kuliko kitabu cha maelekezo kinavyosema, kwa kuwa nyuzi hizo hupaa, huingia kwenye wavu, na kwenye draya za kawaida zikifika kwenye koili huyeyuka na kuganda.

Zawadi kutoka ng'ambo inahitaji tahadhari yake. Familia nyingi za Kisumu na Siaya zina mtu Marekani, na draya ni zawadi inayotoshea kwenye sanduku. Marekani umeme ni volti 120, Kenya ni 240. Volti zikiongezeka mara mbili, nguvu inayopita kwenye koili huongezeka mara nne: draya ya wati 1,600 inalazimishwa kubeba zaidi ya wati 6,000, na haichukui hata dakika. Adapta ya plagi haibadilishi volti, hubadilisha umbo la pini tu. Transfoma ya kushusha volti yenye uwezo wa wati 2,000 ipo, lakini ni nzito kama tofali na bei yake inakaribia ya draya ya saluni. Soma kibandiko kwenye mshikio. Kikisema 120V peke yake, iache iliko, ama umwambie ndugu aiuze hukohuko. Ya Dubai au Doha haina shida hiyo: volti zao zinalingana na zetu na plagi zao ni za pini tatu bapa kama za hapa. Kadhalika zile zilizotumika Uingereza, ambazo Jumapili moja huenda ukazikuta Soko la Kibuye. Ukinunua ya namna hii, omba iwashwe dakika tano nzima kwenye joto la juu, maana hitilafu nyingi hujificha mashine ikiwa baridi.

Sasa ikiharibika.

Anza na waya, kwa kuwa ndio unaokufa kwanza. Hukatika ndani kwa ndani pale unapoingia kwenye mshikio, mahali panapokunjwa maelfu ya mara. Dalili ni draya inayowaka ukiuinamisha waya upande mmoja na kuzima ukiuachia. Hii ni kazi rahisi kuliko zote na fundi yeyote anaiweza, mradi aweke waya mnene wa kubeba ampea 10 au zaidi. Draya ya wati 2,000 huvuta zaidi ya ampea 8; waya mwembamba wa redio utapata moto mkononi mwa msusi. Utepe wa kuzibia juu ya waya uliochubuka si matengenezo. Saluni ina maji sakafuni, na watu wana mikono mibichi.

Kwenye draya ya mota ya AC, feni ikizunguka lakini hewa ni baridi, koili au themostati ina tatizo. Fundi mwenye mita ataipima koili: kwa draya ya wati 2,000 na volti 240, kwenye joto la juu kabisa, usomaji huwa karibu na omu 29. Mita isiposoma chochote, imekatika. Kuunganisha ncha mbili za koili iliyokatika kwa kuzisokota huleta siku chache tu, kwa sababu kiungo hicho huwa na joto kuliko sehemu nyingine na huungua tena. Koili nzima ibadilishwe pamoja na vibao vyake vya mika.

Cheche nyingi nyuma, mlio wa kukwaruza na mota inayozunguka kwa kusitasita ni dalili za kaboni zilizoisha. Usingoje mpaka zisimame kabisa. Kaboni ikiisha, springi yake husugua shaba ya mota na kuichora, na kazi ambayo ingekuwa ya kipande kidogo cha makaa inageuka kuwa ya mota nzima. Kwa saluni yenye shughuli nyingi, kaboni zikaguliwe kila baada ya miezi michache.

Kisha kuna mashine iliyokufa kabisa, bila feni wala joto, waya wake ukiwa mzima. Mara nyingi ni fyuzi ya joto, kijipande cha chuma kilicholala kando ya koili, chenye kazi moja: draya ikipata joto la hatari, kinakatika na hakirudi. Ni spea ndogo ya bei ndogo, na hapa ndipo palipo na kosa baya kuliko yote katika matengenezo ya draya. Fundi asipokuwa nayo, huunga waya moja kwa moja, ile inayoitwa kuweka dairekti. Draya huwaka, mteja hufurahi, na tangu siku hiyo hakuna kitu kitakachoizuia kushika moto kichwani pa mtu. Kaa hapo anapofanya kazi. Sema wazi: "Fundi, nionyeshe fyuzi uliyotoa na unayoweka." Fyuzi mpya ifungwe kwa kubanwa, maana joto la kulehemu linaweza kuikata kabla hata draya haijafungwa. Akikujibu, "Mama, hii haina haja," ichukue mashine yako uende kwa mwingine.

Na fyuzi hiyo haikatiki bure. Kuna kitu kilichozuia hewa, na kwa nywele zetu kitu hicho mara nyingi ni kichana kinachovalishwa mdomoni. Kichana kikiwa kimezama kwenye nywele nene, hewa hubanwa, joto hurudi nyuma kwenye koili. Nyoosha kwa joto la kati, toa kichana nje kila baada ya sekunde chache ili mashine ipumue, na ukimaliza kichwa iache ipige hewa baridi nusu dakika kabla ya kuizima. Tabia hii ndogo huongeza maisha ya draya ya 2,000 na ya 50,000 kwa usawa.

Kwa gharama ya ufundi, kipimo kizuri ni saa. Tuseme fundi anataka shilingi 800 kwa kaboni na kazi yake, na mota itaendelea saa nyingine 500. Hiyo ni chini ya shilingi 2 kwa saa, bei nafuu kuliko draya yoyote mpya. Tuseme anataka 1,500 kubadilisha mota ya draya iliyonunuliwa kwa 2,500, ambayo koili yake imeshaanza kuwa nyeusi na plastiki imepasuka. Hapo unanunua saa chache kwa pesa nyingi, muage. Ongeza kwenye hesabu siku ambazo hutakuwa na mashine. Hii ndiyo sababu ya kuwa na draya ya pili, ya kawaida tu, kabatini. Saluni yenye moja ya 15,000 na nyingine ya 2,500 iko salama kuliko yenye moja ya 50,000.

Mazingira ya ziwa nayo yana lake. Mvua za alasiri na jioni huja na radi, na stima ikipotea hurudi kwa nguvu isiyotabirika. Ikizimika, chomoa plagi, usiishie kwenye swichi ya draya. Vifaa vya kulinda umeme vinavyouzwa kwa televisheni na friji vingi ni vya ampea 5, havibebi draya. Tafuta cha ampea 13. Jioni volti zikishuka hadi 200, draya ya wati 2,000 hutoa karibu 1,400 tu, kichwa kinachukua muda mrefu, na saa za mota zinaliwa bure. Ekstensheni nyembamba na ndefu hufanya vivyo hivyo hata mchana. Draya mbili kwenye ekstensheni moja huvuta zaidi ya ampea 16, wakati plagi yake imetengenezwa kwa 13. Kwenye fuo na visiwa wanakotegemea jenereta ndogo ya wati mia chache au sola ya taa, draya ya mkono ya aina yoyote haifai. Wadudu wa ziwani, wale wanaokuja kama moshi na kufuata taa, huingia kwenye wavu wa nyuma. Brashi kavu ya meno kila asubuhi inatosha. Usiku ihifadhi mahali pakavu, mbali na beseni la kuoshea.

Kuhusu haki: bidhaa nyingi zinazotoka nje hubeba stika ya ISM ya shirika la viwango, KEBS, na namba yake inaweza kutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 ili kujua kama ni halali. Fanya hivyo ukiwa bado umesimama dukani. Ujumbe wa M-Pesa unathibitisha kwamba ulilipa, lakini hausemi ulinunua nini; dai risiti yenye jina la modeli na namba ya mashine. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa yenye ubora unaokubalika, Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inaiongezea nguvu, na Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Wengi hawatafika huko kwa draya, ila muuzaji anayeona risiti yenye namba ya mashine na picha ya stika huzungumza kwa namna tofauti.

Na ile iliyoshindikana usiitupe. Mwambie fundi atoe waya, swichi, wavu wa nyuma, kichana, na feni ikiwa haijavunjika, uviweke kwenye mfuko mmoja ulioandikwa jina la modeli. Ukinunua nyingine, nunua modeli ile ile.